Bwana Mng'aro Aizingira Kutu ya Milangoni

Kisa hiki nilisimuliwa na wifi yangu jana tukikunja nguo, naye alicheka mpaka shuka ikamponyoka. Basi sogeeni, enyi wenye masikio na enyi mliokosa kazi, mpate habari za mumewe, Bwana Mng'aro, mstaafu mwenye kitambaa, msuguaji wa boneti, ambaye gari lake kuukuu liling'aa nje kama bibi harusi na kuoza ndani kama jino.

Mkewe alikuwa ameshaapa: "Baba Watoto, mlango mwingine ukitoboka, gari hilo nampa mnunuzi wa vyuma chakavu."

Ndipo shujaa akasimama uani, akanena: "Ewe Kutu, mla chuma gizani, leo nakufungia malango yote!" Akajilaza chini ya gari, akaona vitundu kwenye ukingo wa chini wa kila mlango. Akaamua kuwa ndimo adui anamopita, akaviziba vyote kwa nta ya mshumaa, akainuka na matope mgongoni kana kwamba ameteka mji.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Ilipokatika, mkewe akafunga mlango wa gari, nao ukajibu: chubwi.

"Baba Watoto, umefuga samaki humu?"

"Hiyo ni sauti ya ushindi."

"Ushindi una maji? Mvua inapenya kiooni, inashuka ndani, inatokea nje kwa vile vitundu ulivyoziba. Wewe umemchimbia Kutu bwawa la kuogelea!"

Shujaa akaliona akilini gari lake likipimwa kwa kilo kwenye mizani ya vyuma chakavu. Akapiga magoti, yeye asiyeinama hata kutafuta soksi zake, na mkewe akachomoa pini ya nywele, akamkabidhi kama upanga.

"Choma, na unyamaze."

Akachoma, ila hakunyamaza. Maji mekundu yakamwingia kinywani katikati ya hotuba. Milango yote ikatapika. Jua lilipoikausha, wifi yangu akapitisha mpira mwembamba wa bomba katika vitundu vile vile, akapuliza oili ya kuzuia kutu ndani mpaka ikachuruzika. Mumewe alishika taulo.

Jioni, majirani wakamsikia langoni: "Ngome ya Kutu nimeivunja kwa mkono huu!"

"Na mama je?"

"Alikuwepo."

Hivyo ndivyo historia ilivyopokea ushindi ule, na gari likaiepuka mizani. Mshindi akalala mapema, akikoroma. Wifi yangu akasugua oili kucha kwa kucha, akatafuta pini yake, akaikuta imechomekwa kifuani pa mumewe kama nishani. Akaichomoa, akabana nywele, akalala.