Majora Sita Chini ya Msalaba

Alhamisi, 12 Aprili 1984

Tumempoteza Waziri Mkuu leo alasiri. Ajali ya gari, huku huku mkoani kwetu. Redio imetangaza jioni. Mtaa wetu wote wa Mwembesongo ni kilio. Nami nimelia, tena wa kwanza barazani! Halafu nikapiga hesabu.

Mwaka jana, msako wake wa walanguzi ulipoanza, nilifukia majora sita ya bafta, ile nguo nyeupe ya sanda, kule Mlali, kwenye shamba la ukoo wa mke wangu Magdalena. Nikayafunga kwa nailoni, nikainua tuta, nikasimika msalaba. Wakwe nikawaambia ni Danieli, kibarua wangu wa Songea, hana ndugu. Hata Magdalena hajui. Sasa mwenye msako hayupo, na bafta imepanda mara tatu. Kesho nafukua.

Ijumaa, 13 Aprili

Sikufukua hata kijiko. Kaburi limepaliwa, limepandwa maua! Kazi ya mama mkwe. Nimemkuta kitandani, pumzi inakatika. Nikamwamkia. Akasema Danieli kazikwa kwenye ardhi yao, basi ni mwanawe, na sasa yeye kaugua, nani atampalilia? Akataka kujua marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Nikasema tumbo. Magdalena, anayemuuguza, akauliza mbona mwaka jana ilikuwa kifua. Nikasema vyote viwili.

Jumapili, 15 Aprili

Mama mkwe amefariki alfajiri. Sanda hakuna. Duka la kijiji limebaki na viberiti, mjini nako rafu tupu. Mjomba Dominiko, mkubwa wa ukoo, akanivuta pembeni: mkwe, wewe ni mtu wa biashara, hata kipande? Nikaapa sina. Ningesemaje? Nikitoa, wataniuliza imetoka wapi, na balozi wa nyumba kumi kakaa pale pale anakunywa uji.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Mpango: watu wakiwa kwenye kilio, nifukue jora moja, nimpe Alois, utingo wa lori, aje nalo kama limetoka Dar, awauzie. Kwa bei ya msiba, si ya ulanguzi. Mimi ni mkwe, nina utu.

Nikanyata na koleo. Nikakuta wachimba kaburi wameshafika! Marehemu kaacha neno: azikwe ubavuni mwa Danieli, kijana wa watu asizidi kukaa peke yake. Wakanishukuru kwa kuleta koleo. Nimechimba mpaka viganja vimetoka malengelenge.

Saa tisa ukuta wa upande wa Danieli ukamomonyoka. Nailoni ikachanika, ukatokeza weupe. Wachimbaji wakaruka nje kama wamepigwa na umeme. Mjomba akavua kofia. Akasema mkwe, ulimsitiri vizuri huyu kijana. Sisi mama yetu tunamzika na shuka la maua. Akaamuru udongo urudishwe haraka. Nikapumua!

Ila Magdalena alikuwa ameleta maji ya wachimbaji. Alisimama ukingoni. Aliuona muhuri wa buluu wa kiwanda, na kamba ya katani ingali imefungwa. Mama yake akashushwa ndani ya lile shuka. Lilikuwa fupi. Nyayo zikabaki nje.

Alhamisi, 19 Aprili

Matanga yameisha. Nikamwambia Magdalena twende nyumbani. Akasema: ulikuwa nayo. Basi, hilo tu.

Nikamweleza kwa hesabu. Mama keshafariki, sanda isingemrudisha. Na jora likishakatwa halina tena bei ya jora zima. Nilidhani ataelewa, ni mwanamke mwenye akili. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikagonga. Mjomba akanikumbusha kwamba nyumba ni ya ukoo wao, na mlango pia. Nimerudi mjini peke yangu, kwa miguu mpaka barabara kuu. Hakuna aliyenisindikiza.

Jumanne, 24 Aprili

Waziri Mkuu mpya ametangazwa. Barazani wanabishana kama msako utarudi au umezikwa. Mimi nasikiliza.

Jioni Alois kaniletea mzigo kutoka Mlali: suruali mbili, taa ya chemli, na jembe langu la shambani, limeoshwa. Hakuna salamu. Alois akasema pole sana kaka, hapo ujue huna shamba wala mke. Nikacheka. Utingo ataelewa nini! Mtu hakuletei jembe ila anataka uchimbe. Magdalena keshapoa. Amepiga hesabu kama zangu: tufukue kabla mkubwa mpya hajakaa vizuri kitini.

Nimemrudisha Alois na swali moja, nimemkaririsha mara tatu. Magdalena, nije mwenyewe kuyachukua majora, au utayaleta ukirudi? Sitaki machozi, sitaki maneno ya mjomba, sitaki tutaona. Moja kati ya hayo mawili. Nijibiwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Lori nimeshalikodi.