Kinyang'anyiro cha Tumbo la Mama Mkwe

Jumanne, 3 Juni 2025
Mama mkwe kaharisha tena. Mara ya nne mwaka huu. Antibiotiki zimegoma, wadudu wa tumboni wameshazizoea. Amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Naogopa. Daktari wa utafiti kasema limebaki jambo moja: bakteria wazuri. Wanatolewa kwenye haja kubwa ya mtu mwenye afya, wanasafishwa maabara, wanatiwa kwenye vidonge, mgonjwa anameza. Wanatafuta wa kujitolea kutoka kwenye familia.

Nafasi yangu hii! Nimemwoa Devota miaka mingi, mama yake bado ananiita "yule wa Tingi", kwa jina la kijiji nilikotoka. Sipriani, aliyemwoa mdogo wa Devota juzijuzi tu, anaitwa "mwanangu".

Alhamisi, 5 Juni
Shida ni heshima. Mkeka mmoja na mama mkwe sikai, nitamtajiaje choo changu? Nimemtuma Devota. Karudi anacheka, anashikilia ukuta. Mama kakubali. Kasema miaka yote wakwe wanakula vya kwake, sasa zamu yake.

Sipriani naye kajiandikisha. Kimbelembele.

Jumamosi, 7 Juni
Sipriani anakula mapapai hadharani ili watu wamwone. Mimi natumia akili. Mikorosho yangu naipulizia salfa kabla ugonjwa haujaingia. Tumbo nalo ni hivyohivyo. Nimemeza vidonge vya rangi mbili vilivyobaki Devota alipoumwa jino. Vipimo kesho kutwa. Kilwa nzima hakutakuwa na choo kisafi kama changu.

Jumatatu, 9 Juni
Aibu. Nesi Zuhura aliuliza kama nimetumia antibiotiki karibuni. Nikajibu kwa fahari kwamba nazimeza tangu juzi. Akaweka kalamu chini. Akasema nimewaua walewale bakteria wanaotafutwa, nirudi baada ya miezi mitatu. Nyuma yangu kwenye foleni Sipriani akajifanya anakohoa.

Jumatano, 2 Julai
Sipriani kafaulu. Mama mkwe kameza vidonge. Yaani Sipriani yumo tumboni mwa mama mkwe, na mimi hata barazani sijakaribishwa.

Jumapili, 20 Julai
Mama kapona! Kala ugali na kisamvu, kaomba kuongezwa, kacheza ngoma uani mpaka majirani wakaja kutazama. Nilifurahi hadi nikalia, nimesimama kule nyuma ya jiko. Akaniona. Akamwagiza Devota ampelekee kiti "mwanangu Lukas". Mwanangu! Na Sipriani alikuwa anasikia.

Jumanne, 9 Septemba
Miezi mitatu imetimia. Hospitali inatafuta wa kujitolea kwa mgonjwa mwingine, mama mmoja wa Milola. Kesho nitakuwa wa kwanza mlangoni. Nimekaa nikalitafakari kosa langu la Juni na nimelipata: vile vidonge vilikuwa mabaki. Sikumaliza dozi, na kila mtu wa afya anahimiza dozi imalizwe. Basi tangu Jumatano nameza dozi kamili. Cha mwisho nimekimeza sasa hivi.