Nilivyombariki Mtu wa Kampala

Leo nimeaibika mchana kweupe, na ninasimulia mwenyewe kabla Achol hajanitangulia.

Achol ni dada yangu mdogo. Tulitengana kambini Kakuma akiwa na miaka kumi na miwili, akaenda Kanada na shangazi. Miaka kumi na minne! Leo ndiyo alikuwa anarudi Juba.

Jana alinipigia akiwa Dubai, anabadilisha ndege. Analia. "Kaka, huku watu ni wengi, kila mtu anakimbia. Naogopa kupotea."

Nikamcheka. (Mdomo huu!) "Fuata mabango, wewe. Ukifika Juba huwezi kupotea. Hapa mlango ni mmoja, na mlangoni nitakuwa mimi."

Asubuhi mama akanikabidhi kibuyu cha maji. Kwetu aliyekaa mbali hunyunyiziwa maji kabla hajasalimiwa, na mwenye kunyunyiza ni baba. Baba hayupo tena, mkubwa ni mimi. Mama miguu haimbebi, kwa hiyo aliyaombea yale maji palepale kitandani. "Usimwage ovyo," akasema. Nikatoka nyumbani Gurei nimekikumbatia kibuyu.

Uwanjani abiria wakaanza kutoka. Nikamwona! Mnene, suti nyekundu, wigi ya maana, masanduku matatu. (Katoka Kanada, jamani. Nilitegemea nini, kandambili?) Nikamwendea, nikamimina kibuyu chote kichwani. (Huwa ni matone tu, lakini miaka kumi na minne ni mingi.) Nikatamka maneno ya baba kwa sauti kubwa: "Umetoka mbali, umefika. Miguu yako ipoe. Nyumba ni yako."

"We! Kichwa yako iko sawa?" akapiga kelele. "Mimi iko mtu ya Kampala! Mimi nakuja kwa mkutano!"

Wigi imelala. Suti inachuruzika. Askari anakuja mbio: "Ya zol, wewe bwana, hii nini?" Watu wote wamegeuka, simu ziko juu. Nami naomba radhi tu, "Malesh, mama, malesh." Nilitamani ardhi inimeze.

Nyuma yangu mtu akaita, "Kaka?"

Msichana mwembamba. Kibegi kimoja mgongoni. Kandambili! Alikuwa amesimama pale muda wote, ananitazama na hanijui. (Tumbo hili. Mvi hizi.) Ni maneno ya baba yaliyomwambia kuwa ni mimi. Nikalia, sifichi. Yule mama wa Kampala alipotuona tumekumbatiana akatoa leso akajifuta.

"Na mimi je?" Achol akauliza. Kibuyu kikavu kabisa. Akatoa chupa ya maji aliyonunua Dubai, nikamnyunyizia hayo.

Nyumbani mama akamshika uso muda mrefu. Kisha akauliza, "Maji yangu yalifika?"

"Yalifika, mama," Achol akajibu haraka.

Yalimfikia nani, hakuuliza. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke polepole. Mama amekaa hapa karibu.