Kitufe Kisicho na Kibali

Kwa heshima na taadhima, kiwanda chetu cha biskuti kiliutangazia umma kwamba kimetimiza siku mia mbili bila ajali hata moja. Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Usalama Kazini.

Mafanikio yale hayakuja kwa bahati, yalikuja kwa vikao. Kamati ilikaa siku nne mfululizo, ikabaini kwamba chanzo kikuu cha ajali ni kuziandika. Tangu hapo, aliyeteleza kwenye mafuta alihesabiwa kuwa amehama kituo cha kazi kwa kasi. Aliyeungua kwenye tanuri alikuwa na changamoto ya joto. Mkanda unaobeba biskuti ulipomng'oa kucha mkandaji wetu wa unga, tulimpongeza kwa kuwa karibu na mitambo.

Mtu mmoja tu hakuridhika: fundi mitambo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye kila mtu humwita Mama Spana. Alinijia ofisini mikono imejaa grisi.

"Katibu, ule mkanda unataka kitufe cha kuuzima hapohapo. Swichi iko nyuma ya stoo. Mtu akinaswa, mpaka ufike huko, kashakuwa biskuti."

"Andika barua, mama."

"Nimeandika tatu."

"Andika ya nne. Tatu za mwanzo huwa tunazipokea tu."

Akaondoka. Wiki iliyofuata tukakuta kitufe chekundu, kikubwa kama kisosi, kando ya mkanda. Alikitoa kwenye mashine mbovu na kukifunga mwenyewe saa ya chakula.

Mkurugenzi alifadhaika. "Kitufe hiki kinawaambia watu kwamba hapa kuna hatari," alisema, na hakukosea. Kamati ikaamua kukifunika kwa picha kubwa ya Mkurugenzi akitabasamu, na Mama Spana akaitwa ajieleze Ijumaa mbele ya kikao cha nidhamu.

Alhamisi akaja mnunuzi, mama mwenye miwani anayeagiza bidhaa kwa ajili ya maduka makubwa thelathini. Bila oda yake, watu themanini wangerudi nyumbani mwisho wa mwezi, na hilo tulilijua wote, ingawa halikuwa kwenye ajenda.

Mkurugenzi alimwongoza mwenyewe, amevaa tai ndefu ya hariri. Akainama juu ya mkanda amchagulie mgeni biskuti ya moto. Tai ikaingia kwenye rola. Mkanda haujui cheo cha mtu. Ukaanza kumvuta, naye akawa anatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na hoja. Mkandaji wa unga akamng'ang'ania kiuno. Mimi nilifungua faili kutafuta utaratibu.

Mama Spana alikuja mbio, akaipiga ngumi ile picha katikati ya uso. Mkanda ukasimama, pua ya Mkurugenzi imebakiza shubiri moja kuifikia rola. Mama Spana akaikata tai kwa kisu.

"Hii ilikuwa sehemu ya maonyesho," alisema Mkurugenzi alipopata pumzi.

Mnunuzi akanigeukia. "Mwaka huu mmepata ajali ngapi?"

"Hakuna."

"Na hii?"

"Hii ni ukaribu usiotarajiwa kati ya uongozi na uzalishaji."

Akamtazama Mama Spana. "Wewe dada, unasemaje?"

"Ni ajali. Ya kumi na saba." Akatoa mfukoni kijidaftari chenye alama za vidole. "Zote zimo humu, na sababu zake."

Mnunuzi alikisoma chote akiwa amesimama. Nadhani hata Mama Spana aliona kibarua chake kimeota nyasi.

"Anayejua matatizo yake huniletea mzigo kwa wakati," mnunuzi alisema hatimaye. "Asiye na tatizo hata moja huniletea visingizio. Nitasaini, huyu akishika usalama, na akiwa na uwezo wa kumsimamisha yeyote."

Ndivyo ilivyokuwa. Sakafu ikasuguliwa, rola zikafunikwa, wa tanuri wakapewa glavu. Mimi nilitabiri hasara. Miezi mitatu baadaye hakuna aliyekuwa kitandani na jeraha, mkanda haukuwa unasimama ovyo, na mzigo wa kwanza ulifika siku mbili kabla ya tarehe. Mnunuzi akaongeza oda.

Mkurugenzi alitaka kuingia kiwandani na wapiga picha kutangaza siri ya mafanikio yake. Mama Spana akamzuia mlangoni.

"Samahani, mzee. Hujahudhuria mafunzo."

"Hiki kiwanda ni changu."

"Ndiyo maana nimekuwekea kiti cha mbele."

Tulikaa darasani kwa saa mbili, Mkurugenzi na mimi, pamoja na vibarua wapya. Kisha tukafanya mtihani. Vibarua walifaulu wote. Mkurugenzi alipata nne kati ya kumi, mimi tatu. Tutarudia Jumatatu. Hadi hapo haturuhusiwi kuvuka mlango, na ni wajibu wangu kuripoti kwamba uzalishaji wa wiki hii umevunja rekodi.