Yowe Lisilo na Basi

(Hotuba ya Ndugu Zenon, Mratibu wa Kampeni ya Kushusha Uvimbe, aliyoitoa Kasense, jirani na mji wa Sumbawanga, mwezi wa Novemba 1977, siku ya kufungua Kituo. Imenukuliwa yote, pamoja na kelele.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu wa Kijiji, Ndugu Makamu wa Mwenyekiti, ambaye namwona amesinzia, lakini kwa nidhamu, Ndugu Mabalozi wa Nyumba Kumi Kumi, Ndugu Kaimu Balozi, unayekaimu kwa sababu Balozi mwenyewe yuko kilabuni, Ndugu Polikarp, Kamanda wa Mgambo, pamoja na vijana wako wenye marungu yaliyopakwa mafuta, Mzee Zubery, mfanyabiashara wetu wa mjini, uliyetuazima turubai hili linalonikinga jua mimi, akina mama wa ngoma, wazee wetu, shikamooni (Wazee: Marahaba!); watoto, nyamazeni; na ndugu wananchi wote, kwa ujumla wenu na kwa mmoja mmoja.

Kabla sijaanza kusema kwamba nitaanza, niruhusuni nimtambulishe kielelezo. Huyu aliyekaa hapa mbele, kwenye kiti cha ofisi, ni Bibi Marsiana, mwananchi mwenzenu, ambaye ni mgonjwa, lakini ni mgonjwa wa mfano. Inua mikono, Bibi, wa nyuma waone. (Bibi Marsiana: Haiinuki, mwanangu. Ingeinuka nisingekuwa hapa.) Vizuri sana, haiinuki! Angalieni vifundo vya vidole, vimevimba mkono wa kulia na mkono wa kushoto kwa kiasi kilekile, jambo linaloonyesha wazi kwamba hata uvimbe wa Kasense umekwisha elewa siasa ya kugawana sawa kwa sawa. (Makofi. Bibi Marsiana hapigi.)

Asubuhi ya leo, ndugu wananchi, tulimkuta Bibi huyu amekwisha pandishwa kwenye lori la Mzee Zubery, lile pale barabarani, anakwenda hospitali kubwa ya Mbeya kama alivyoshauriwa na mganga wa zahanati. Nikasema ashushwe! Tutafunguaje Kituo cha Kushusha Uvimbe huku uvimbe wenyewe unasafiri? (Honi ya lori.) Ndugu Uledi, dereva, subiri. Najua kwamba mawingu yamekwisha funika milima ya Mbizi, na najua kwamba mvua ikishika barabara ya Tunduma, magari yatakwama mpaka mwezi wa tano, lakini hotuba hii ni fupi, na nimeifupisha mwenyewe kwa muda mrefu. (Uledi: Ndugu Mratibu, nikikwama Laela nitalala na mizigo ya watu!) Utalala kizalendo.

Sasa nije kwenye sayansi. Kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu basi fahamuni, mimi ndiye niliyechaguliwa katika mkoa mzima, kuanzia Matai hadi Chala, kuhudhuria semina ya afya kule Dar es Salaam, ambako nilikaa mstari wa mbele, nikauliza maswali ambayo mpaka leo hayajajibiwa. Huko mtaalamu mmoja alitufundisha kitu kipya kabisa, ambacho jina lake wataalamu wamelibatiza majuzi tu, kinaitwa saitokaini. Semeni wote: saitokaini! (Umati: Saito... Sauti moja: Ni ya kula?) Hailiwi. Unayo tayari.

Saitokaini, ndugu zangu, ni vijumbe vidogo mno vya mwilini, vinavyotolewa na chembe moja ya mwili kupeleka habari kwa chembe nyingine, bila barua na bila nauli. Mwiba ukikuchoma, kijidudu kikaingia, chembe ya kwanza kumwona adui inatoa saitokaini, yaani, kwa lugha yetu ya hapa, inapiga yowe. Chembe za ulinzi zikisikia zinakuja mbio, damu inajaa, mahali pale panakuwa pekundu, panapata moto, panauma na kuvimba. Uvimbe huo si ugonjwa, ndugu wananchi. Uvimbe huo ni mgambo wamefika! Bila yowe hilo, mwiba mmoja wa shambani ungekuzika. (Makofi. Vijana wa mgambo wanasimama na kuketi tena.)

Lakini, na hapa mtaalamu alinitazama mimi peke yangu, yapo maradhi ambayo adui hayupo, na yowe linaendelea. Hapo nawakumbusha yaliyompata Ndugu Polikarp mwaka jana. (Polikarp: Ndugu Mratibu, hayo si tulikubaliana yaishe?) Ni kwa faida ya taifa, Ndugu Kamanda.

Alfajiri moja fisi alipita kwenye zizi la Ndugu Polikarp. Jirani yake, Kornel, akapiga yowe, ambalo lilikuwa yowe halali. Fisi akasikia, akakimbia, akaenda zake na shughuli nyingine. Desturi yetu hapa inajulikana hata kwa mtoto: aliyepiga yowe ndiye anayesema basi. Akisema basi, watu wanaweka marungu chini, mwenye nyumba anatoa togwa, wanapeana pole na kurudi makwao. Lakini Kornel alikuwa amepanda darini kwa hofu, na huko darini akaendelea kulia. Mgambo wakafika. Fisi hakuna. Yowe lipo! Sasa mtu umeshika rungu, yowe unalisikia kwa masikio yako, utarudi nyumbani ukalale? Wakavunja uzio. Wakavunja mitungi ya pombe ya ulezi. Kijiji cha pili kikasikia kishindo, nacho kikapiga yowe lake, kikaja na mipini ya majembe. Mwisho wakampiga rungu la goti Ndugu Polikarp mwenyewe, amesimama mlangoni kwake, amejifunga shuka. (Kicheko kirefu. Polikarp: Na aliyenipiga ni shemeji yangu!)

Hapo hapo, ndugu wananchi, ndipo ulipo ugonjwa wa Bibi Marsiana. Katika vifundo vyake hakuna fisi. Kuna saitokaini zinazolia darini, na kuna mgambo wake mwenyewe wanaovunja nyumba yao wenyewe kwa bidii na utii mkubwa. Yowe hilo likilia kwenye mirija ya pumzi, mtu ana pumu. Likilia kwenye ngozi, ngozi inachubuka. Likilia tumboni, tumbo halikai na kitu. Kosa ni moja, kwamba hakuna wa kusema basi. (Wazee wanaitikia kwa vichwa. Bibi Marsiana: Hilo umesema kweli, mwanangu. Ndivyo ninavyosikia mwilini, kila siku alfajiri. Sasa, dawa?)

Ahsante kwa swali, ambalo lilikuwa katika ukurasa wa mbele zaidi. Ofisi yangu haikulala. Baada ya fizibiliti stadi iliyofanyika ofisini kwangu, na baada ya kordinesheni iliyofanyika baina yangu na mimi, tuligundua kwamba kama ugonjwa ni wingi wa taarifa, basi tiba ni kupunguza taarifa! Kwa hiyo, kwanza, tulipiga marufuku yowe lolote Kasense lisilo na kibali changu. Pili, filimbi za mgambo tumezikusanya. Tatu, na hili ndilo ninalojivunia kuliko yote, zahanati ilipotuletea taarifa kwamba vidonge vya maumivu vimekwisha, hatukujibu. Ikaleta tena, hatukujibu. Kwa sababu kujibu, ndugu wananchi, ni kuchochea saitokaini! Takwimu zinajieleza zenyewe: taarifa za ugonjwa zimeshuka kwa asilimia tisini, na hiyo kumi iliyobaki ni ya watu wenye sauti kubwa. (Makofi kutoka kwa Kaimu Balozi.)

(Bibi Marsiana: Mimi niliuliza dawa.) Dawa ziko katika fezi ya pili. (Bibi Marsiana: Na fezi ya kwanza ni nini?) Fezi ya kwanza ndiyo hii unayoisikiliza. (Kicheko. Honi ya lori, ndefu.)

(Bibi Marsiana anasimama, ameshikilia kiti kwa viwiko: Zenon, mwanangu, nakujua tangu unatambaa, na mama yako tulifukia naye nyasi kwenye ntumba, matuta yetu ya mviringo, bega kwa bega. Mwaka jana nilikuwa juu ya lori hilihili, ukanishusha, ukasema nisubiri Kituo. Nikasubiri. Mikono imekataa jembe, imekataa mwiko, ulezi siusagi tena. Mkwe wangu ananilisha ugali kama kinda, na mimi ninaona aibu, naona uchungu, usiniambie sioni. Hata hivyo matofali yenu niliyafanyia kazi. Mikono ilishindwa nikakanyaga udongo kwa miguu. Watu wanaanza kupanda mbegu. Nataka mikono yangu. Niache niende.)



Hakika, hakika, ni maneno ya kielelezo! Na kwa kuwa Bibi ametaja matofali, ananirahisishia kuingia moja kwa moja kwenye shukrani. Kaa chini, Bibi, unakuja sehemu nzuri. Kwanza najishukuru mimi, kwa kujitolea kusimama muda wote huu. Pili namshukuru Mzee Zubery kwa turubai. Tatu, kwa moyo mkunjufu, nawashukuru ninyi nyote mliochimba udongo, mliofyatua, mliochoma, mliobeba vichwani katika upepo ule wa mwezi wa saba unaokata masikio, kwa kukubali, ingawa hamkuulizwa, kwamba matofali yote ya Kituo yajenge kwanza jukwaa hili imara ninalosimamia. Maana itifaki iko wazi: jengo haliwezi kufunguliwa bila jukwaa la kulifungulia. Yaliyobaki yalitosha choo cha wageni wa heshima, ambacho kimekwisha tumika leo asubuhi, na mgeni ameridhika. (Manung'uniko.)

Kuhusu Kituo chenyewe, ambacho nakwenda kukifungua kwa kuukata utepe huu mwekundu, naona baadhi yenu mnachungulia nyuma ya utepe. Msichungulie. Nyuma ya utepe ni shamba la Kornel. Kituo kipo, ndugu wananchi, lakini kwa sasa kipo katika ngazi ya dhana, na infrastrakcha yake itafuata pale dhana itakapokomaa na kupata...

(Bibi Marsiana anapiga yowe. Uwiiii! Uwiiii! Ni yowe la zamani, la kabla ya vibali, na linafika mpaka barabarani.)

Nani huyo? Bibi! Kibali kiko wapi? Ndugu wananchi, kaeni! Ndugu Mabalozi, wakalisheni! (Hakuna anayekaa. Watu wote wanakimbilia kwenye yowe kama desturi inavyotaka. Mgambo wanafika wa kwanza, marungu juu. Polikarp: Adui yuko wapi, Bibi? Bibi Marsiana anatazama jukwaani. Mgambo nao wanatazama jukwaani.)

Ndugu... ndugu vijana... tukumbuke mafunzo ya semina. Tukumbuke fisi!

(Bibi Marsiana: Shusheni marungu. Hakuna wa kupigwa hapa, tutaumizana bure kama kwa Polikarp. Nimewaita mnibebe. Nipelekeni kwenye lori.)

Ndugu Polikarp, nakuagiza kama Kamanda, zuia! (Polikarp anachutama, Bibi Marsiana anapakiwa mgongoni kwake. Goti linamlemea, lakini anakwenda. Akina mama wanamfuata na mzigo wake. Mzee Zubery anafungua kamba za turubai lake, mvua isije ikamnyeshea mgonjwa kwenye lori.) Mzee Zubery, turubai liko katika ratiba mpaka jioni! (Jua linamwakia mzungumzaji, kisha wingu linamfunika.)

(Kutoka juu ya lori, Bibi Marsiana: Basi! Yowe langu limekwisha. Asanteni, ndugu zangu. Rudini mkapande kabla ya mvua. Umati: Haya, Bibi! Utuletee mikono! Lori linaondoka. Watu wanatawanyika taratibu. Wengine, wakipita, wanachukua tofali moja moja kwenye jukwaa.)

Hapana, si hilo, hilo nimelikanyaga. Ndugu wananchi, naona mnaelekea majumbani, na mimi nauchukulia mwelekeo huo kuwa ni implimentesheni. Maana hebu tutazame takwimu za Kituo chetu tangu kianze kufunguliwa leo. Wagonjwa waliopokelewa, mmoja. Wagonjwa waliopewa rufaa ya Mbeya, mmoja. Waliofia mikononi mwetu, hakuna. Hiyo ni asilimia mia moja, ndugu wananchi, na sidhani kama kipo kituo kingine nchini, chenye kuta au kisicho na kuta, kilichofikia lengo lake lote siku ya kwanza! (Hakuna makofi. Tone la mvua, kisha mengine.)

Viungo! (Kimya.) Vijitegemee. Saitokaini! (Kimya.) Zilale. Uvimbe! (Mtoto mmoja, kutoka mbali, anakimbia na tofali kichwani: Ushuke!)

Ahsante, mtoto. Ndugu Makamu wa Mwenyekiti, naona umebaki wewe peke yako, jambo linaloonyesha ukomavu. (Makamu wa Mwenyekiti anaamka. Anafuta mvua usoni, anatazama uwanja mtupu, kisha anamtazama mzungumzaji aliyesimama chini kabisa, kwenye udongo: Basi?)

Bado, ndugu yangu, bado. Sasa ndiyo nakuja kwenye utangulizi.