Kilo Mia Moja na Tano

Jumatatu, 3 Machi
Kilo mia moja na tano! Leo kampuni imetupima mafundi wote wa lifti. Mkuu wetu mpya, binti aliyekuwa chekechea wakati mimi tayari nashika spana, ametangaza kwamba asiyeshuka chini ya kilo mia hapandi tena juu ya kibanda cha lifti. Atakaa kwenye kile chumba kisicho na dirisha, apokee simu za watu waliokwama. Nimepewa hadi tarehe 11 Aprili. Nikishindwa, lifti zangu za hospitali anachukua Sindano, fundi mwenzangu, kilo sitini na moja na mdomo. Miaka ishirini na mbili nafungua milango na watu wanatoka wakinishukuru kwa machozi. Chumba kile nakiogopa kuliko kaburi.

Muuguzi wa kampuni ameyabonyeza magoti yangu, akasema kukimbia hapana. Niogelee, nusu saa kila siku, na mwalimu wa bwawa awe anasaini kadi. Kadi! Kumbe mambo yenyewe ni karatasi tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimejifungia bafuni pale bwawani, nimelowesha kichwa, nimesoma gazeti dakika ishirini na tano, kisha nikapeleka kadi. Mwalimu ni mama mmoja mstaafu, kila mtu anamwita Bi Filimbi. Akanitazama juu hadi chini. Akauliza imekuwaje niogelee nusu saa na kaptula ibaki kavu. Nikamweleza kwamba mimi huelea juu juu, tumbo linanibeba. Hakucheka.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, baba," akasema, akapuliza filimbi.

Nimeyaoga. Nimekunywa robo ya bwawa. Bibi wa miaka sabini hivi, mwenye kofia ya maua, amenipita mara tatu. Mara ya tatu alinipa pole.

Jumamosi, 15 Machi
Kuogelea kunatia njaa ya kishenzi. Mke wangu amehesabu mayai, amesema sikio la kufa halisikii dawa, kisha ametia kufuli kabati la jikoni. Miaka kumi na tisa ya ndoa! Basi nimenunua mkate mzima, nimeupaka siagi, nimeuficha chini ya benchi kule kwenye kina kirefu. Mpango: naogelea mara moja hadi ng'ambo, nakula, napumzika, narudi.

Nimefika, hakuna mkate. Nageuka, namwona Bi Filimbi nilikotoka, ameushika juu anautikisa. Nikarudi. Akauhamishia ng'ambo. Nikaufuata. Akauhamisha tena. Mizunguko kumi na minane! Mwishowe akala nusu, nusu akampa bibi wa kofia ya maua. Nimemsimulia mke wangu nikitegemea huruma. Alicheka hadi akakaa chini.

Alhamisi, 27 Machi
Sasa imekuwa desturi. Kila siku nanunua mkate, kila siku naficha mahali papya, kila siku mama yule anaugundua. Tangu tuanze sijaonja hata ganda.

Halafu suruali zangu zote zimelegea. Nashuku ile dawa ya bwawani, hewa yake tu inatanua nguo. Nimemweleza fundi viatu wakati ananitobolea tundu la tatu kwenye mkanda. Akatoboa na la nne, la akiba. Sindano naye kaniambia nimekonda. Dhihaka nazijua. Kuna mizani pale bwawani lakini siipandi. Ilinitukana siku ya kwanza, yatosha.

Jumatano, 9 Aprili
Zimebaki siku mbili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi kuinama ndiko kunakonishinda. Nimeamua kutumia taaluma.

Nimekwenda kwa muuguzi na goti la uongo. Alipotoka kutafuta bandeji nikaikagua mizani. Ni ya kizamani: unasimama kwenye sahani ya chuma, na juu kuna mkono mrefu ambao anausogezea kitelezi hadi ulale sawa. Ni lifti ile ile! Kwetu, kibanda kikiwa kizito unakiwekea uzani nyuma, unakisaidia kubeba. Nikatoa sumaku yangu nzito ya kuokotea bolti shimoni, nikaibandika nyuma kabisa ya ule mkono, kwa chini, pasipoonekana. Haikuchukua dakika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Sindano ana kipara.

Ijumaa, 11 Aprili
Mia moja na saba.

Nilimwomba muuguzi asome tena. Mia moja na saba. Wiki tano na ushee za kunywa maji ya watu, nimeongezeka kilo mbili! Mkuu alikuwa pembeni na orodha yake. Nililia, na siandiki hapa ni kwa sababu gani, inajulikana.

Akafuata Sindano. Sabini! Sindano, ambaye akimeza karanga unaiona inakopita. Muuguzi akakunja uso, akapapasa mkono wa mizani, akabandua sumaku. Ina herufi za jina langu, nilizichonga mwenyewe isiibiwe. Akatupima upya. Sindano sitini na moja. Mimi tisini na nane.

Tisini na nane! Nilimkumbatia Sindano. Nilimkumbatia muuguzi. Mkuu peke yake hakushangilia. Aliigeuza sumaku, akauliza niliibandika upande gani. Kukana kulikuwa kazi bure, nikamwonyesha: nyuma, upande ule ule unaovutwa na sahani. Akauliza nilikusudia ipunguze au iongeze. Ipunguze, nikasema.

"Mzee, uzito umefaulu," akasema. "Lakini fundi wa miaka ishirini na mbili asiyejua uzani unakaa upande gani, mimi simpandishi kwenye lifti yenye watu ndani."

Sindano alitazama viatu vyake. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 14 Aprili
Chumba kisicho na dirisha. Simu kumi na moja kabla ya chakula cha mchana, hakuna aliyenishukuru. Kuogelea nimeacha. Faida yake ni suruali kudondoka.

Mkuu amesema mwezi ujao kuna mtihani juu ya uzani wa lifti. Nikipasi narudi kazini. Sindano kajitolea kunifundisha kila jioni, na kitabu kaleta. Nimemshukuru, nimekataa. Nimefanya uchunguzi wangu. Mtihani uko ghorofa ya tisa, na mkuu atapanda na maswali kwenye bahasha. Lifti ikikwama njiani, dakika kumi tu, simu ataipiga kwa nani? Kwangu! Nitamtuliza. Nitamwelekeza kitaalamu kwamba apenyeze bahasha chini ya mlango, ili kibanda kipungue uzito.