Nyama na Tambi za Jumamosi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Nyarugusu.

Wanakuja! Salvina amepiga simu asubuhi, nimejaa vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, mpaka kwenye nyusi, nikadhani ni mteja ana mawe ya kusaga. Kumbe mke wangu. Shule zimefungwa. Jumamosi anatoka nyumbani Ngokolo na watoto, Denis na Salome, kwenda kwa mama yake Ushirombo, na watapitia hapa kwangu. Amesema anataka kuona ninavyoishi. Akiona hapa panakaliwa na mtu mwenye akili zake, watoto watabaki na mimi likizo yote. Akiona vinginevyo, wote watatu wanapanda gari la saa kumi jioni, na nisianze maneno.

Wiki nne na wanangu! Nina miezi minane sijawaona. Nilisema narudi Krismasi. Nikasema Pasaka. Mawe hayakujibu, dhahabu haikutoka. Sasa mtu anarudije nyumbani na vumbi tupu?

Akauliza siku hiyo tutakula nini. Nikajibu bila kufikiri kwamba nitapika mwenyewe. Akacheka mpaka simu ikakatika. Miaka kumi na mitano ya ndoa sijawahi kumchemshia hata chai. Sawa. Tutaonana Jumamosi.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umekamilika. Theonest, dereva wa lori la mawe, ana sufuria ya umeme aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyefunga kambi na kurudi kwao. Ni sufuria ya kupika polepole. Unatumbukiza vitu alfajiri, unafunika, unakwenda zako kazini. Ukirudi, chakula tayari. Hukorogi. Hupulizi moto. Nikajua papo hapo kwamba aliyeitengeneza alikuwa ananifikiria mimi.

Tumebadilishana na redio yangu. Ile redio ndiyo ilikuwa inaongea chumbani jioni. Haidhuru. Kuanzia Jumamosi chumba kitakuwa na watu wa kuongea.

Kwenye boksi kuna picha ya nyama ya ng'ombe, karoti, na tambi ndefu zimelazwa chini. Hicho hicho! Salome anapenda tambi. Alipokuwa na miaka minne alikula za jirani siku ya Idi, zilipokwisha akalia. Sasa ana tisa. Mtoto habadiliki kwa jambo kama hilo.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio. Aibu.

Soketi ya nyumba hii iko barazani, ya wapangaji wote, kwa hiyo sufuria ilibidi ikae barazani. Nikaiacha nikaenda kusaga. Basi kila aliyesikia kuna sufuria inayochemka bila moto alikuja kuiona. Kila aliyekuja alifunua. Kila aliyefunua alionja. Bujiku, mpangaji wa ng'ambo ya ua, amefunua mara tatu kwa ushahidi wa mkewe mwenyewe. Narudi saa saba: mchuzi vuguvugu, nyama mbichi katikati, vimebaki vipande vitano.

Bujiku ananiambia huku anajilamba vidole kwamba tambi ni za sukari na maziwa, za kunywea chai. Ukimwekea mtu tambi mchana bila ugali, anakula, anashukuru, halafu anauliza chakula kinaletwa saa ngapi. Nikamwambia tatizo lake hajatembea. Akasema ametembea mpaka Kharumwa, na huko pia wanakula ugali. Akacheka. Mkewe Mbuke akacheka. Watoto wao wanne wakacheka, hata yule asiyejua kuongea.

Simpendi Bujiku. Kila jioni Mbuke anamwita kula: Baba Mageni, njoo, kinapoa. Mimi hapa naitwa Fundi tu. Hakuna anayejua kwamba mimi ni Baba Denis.

Nimekula vile vipande vitano nimesimama. Kisha nikapanga sahani nne juu ya boksi la sufuria nione kama zitaenea. Zinaenea. Nikaziacha hapo kwa muda.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewapatia dawa wafunuaji!

Kwenye karasha mwenye mawe hamwamini mtu. Akishamimina mawe yake ndani ya pipa la kusagia, anazungusha mnyororo, anabana kufuli lake mwenyewe na kuondoka na ufunguo. Sisi tunasaga tu. Pipa halifunguliwi mpaka mwenyewe arudi, hata akilala huko. Ndiyo heshima ya kazi yetu. Sasa kwa nini nyama yangu ikose heshima wanayopewa mawe?

Kufuli langu liko mlangoni. Lakini Benjamini, mwenye mawe wa Kharumwa, amemaliza kusaga jana. Mnyororo wake na kufuli vimening'inia kwenye pipa, wazi, vinasubiri mzigo wake wa Jumatatu. Nitaviazima kesho na kuvirudisha kabla hajajua. Nani Nyarugusu hii ana kichwa kama changu?

Nimenunua nyama, vitunguu, karoti, nyanya, tambi paketi tatu. Nimefagia chumba mara mbili. Nimenyoa.

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi.

Saa kumi na moja alfajiri nimetumbukiza vyote kwa mpigo: nyama, mboga, tambi, maji. Kwenye pipa tunafanya hivyohivyo, mawe na gololi za chuma na maji vinaingia pamoja, unafunga, basi. Mnyororo nimeuzungusha mara mbili, chini ya sufuria na juu ya mfuniko. Nikabana kufuli. Ka! Bujiku amepita na mswaki mdomoni, akasimama, akatazama, akaenda zake bila kufunua. Mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Saa nne: harufu! Ua zima linanusa. Mbuke ametoka jikoni kwake akiwa na mwiko mkononi, akanusa, akarudi ndani.

Saa sita: navaa shati jeupe. Naenda stendi.

Jumamosi hiyohiyo. Saa kumi na mbili jioni.

Niandike yote yalivyokuwa.

Wamefika saa saba. Salome amekuwa mrefu, ananifika kifuani. Ameniamkia shikamoo baba kwa adabu, vile wanavyomwamkia mwalimu mgeni. Denis ana sauti ya mtu mzima. Aliposema shikamoo niligeuka kutafuta nani ameongea.

Salvina amekagua chumba. Kitanda kimetandikwa. Ndoo imefunikwa. Akasema si vibaya. Si vibaya! Akasogea barazani, akanusa, akaniuliza kama kweli nimepika mimi. Nikasema mimi, na mikono yangu hii. Akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi. Akasema haya, watoto wana njaa, tule.

Nikatia mkono mfukoni.

Mama yangu! Kufuli unalibana bila ufunguo. Kulifungua ndiyo lazima ufunguo. Na ufunguo uko shingoni mwa Benjamini, na shingo ya Benjamini iko Kharumwa.

Nikampigia. Yuko kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake, atafika saa kumi na moja. Nikasema ni dharura. Akauliza kufuli lake limeingiaje kwenye dharura yangu. Nikakata simu.

Salvina akasema vunja. Ana akili sana Salvina, ila kazi yetu haijui. Msagaji akikata kufuli la mwenye mawe ni mwizi, haulizwi alifungia nini. Hakuna atakayemletea tena hata kiroba kimoja cha mawe. Nikamweleza. Nikamweleza kwa kirefu, na kwa mifano. Bujiku naye huyo, analeta msumeno wa chuma bila kuitwa, anasema kata tu Fundi, mimi na Mbuke tutakuwa mashahidi wako kwamba ndani mlikuwa na nyama. Niokolewe na Bujiku mbele ya mke wangu? Thubutu! Nikamrudishia msumeno wake.

Tukakaa tunaitazama sufuria. Saa nane. Saa nane na nusu. Inachemka, inanukia, haifunguki. Salome akauliza taratibu kama kuna mkate. Hakuna. Mbuke akaita kutoka ng'ambo: ng'wanawane, mwanangu, walete watoto, ugali upo, dagaa wapo. Watoto wakanitazama. Nikawaambia wangoje kidogo tu. Salvina hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba wamengoja tangu Krismasi.

Wakaenda. Wanangu wamekula kwa Bujiku, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na nikamsikia Salome anacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari. Mbuke alikuja mwenyewe kuniita. Sikwenda. Nani angelinda sufuria?

Saa kumi wamepanda gari la Ushirombo. Salvina alinipa mkono dirishani, akasema chumba ni kisafi, kweli. Nilitaka kumwambia bakini. Nilitaka sana. Nikamwambia Benjamini amekaribia.

Benjamini akafika gari likiwa limeshaondoka. Akafungua. Hapakuwa na tambi. Palikuwa na kitu kimoja kizito, chekundu, unaweza kukikata kwa kisu. Benjamini akaonja, akauliza kama kuna ugali wa kulia. Akala akashiba, akasema harusi ya mdogo wake wangenikodi nipike. Kisha akachukua kufuli lake, akaligeuzageuza kulikagua, akaondoka.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda misa. Benchi lote langu peke yangu. Nimerudi, nimekula kile kitu. Bado kingi.

Nimetafakari kwa haki kabisa na kuona kosa si langu. Benjamini alikosea kuwa na ufunguo mmoja. Salvina alikosea kufika saa saba. Angefika saa kumi na moja tungekula vizuri. Bujiku alikosea kuwa na msumeno.

Mbuke amevuka ua akaniletea bakuli la maharage. Amesema Salome ndiye aliyemwomba, ati baba yake amekonda. Nilimshukuru. Nikafunga mlango haraka.

Jumanne, 17 Juni

Salome amenipigia! Mwenyewe, kwa simu ya bibi yake.

Amesema kwa bibi kuna viazi, kuna maziwa, kuna maharage, chakula si tatizo. Amesema baba njoo. Usilete kitu chochote, njoo tu. Amemuuliza mama, na mama amesema nikija hatanifukuza. Gari lipo kila asubuhi, na Denis atanipokea stendi. Nikaifunika simu kwa kiganja. Akadhani mtandao umekatika, akawa anaita baba, baba, upo? Nimelia. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma.

Lakini niingie ukweni mikono mitupu? Baada ya yaliyotokea Jumamosi? Mama mkwe atasema nini? Hapana. Lazima kwanza Salvina aone kwamba naweza. Na bahati nzuri Theonest ana mashine nyingine ya yule mgeni, ya kuoka mkate. Unatia unga, unatia maji, unafunika, unakwenda zako kazini!

Nikamwambia Salome nakuja, na nitakuja na mkate ambao Ushirombo nzima haijawahi kuuona. Akauliza lini. Nikasema nikishaizoea mashine, wiki nne tu hivi. Akasema wiki nne shule zitakuwa zimefunguliwa, watakuwa wamerudi Ngokolo. Nikasema basi Desemba, mwanangu, Desemba bila kukosa.

Amekata simu. Nadhani ni chaji.

Nimemwahi Theonest kabla mwingine hajaichukua. Anataka tubadilishane na kitanda changu. Nimekubali, kimeshapakiwa kwenye lori. Hata hivyo kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja.